Nyumba ya mitambo ikizeeka tunaifanyaje?

Najua nimeadimika. Ni mambo ya vitini, testi tatu ndani ya wiki moja, na bumu ambalo likichelewa hata hamu ya kuandika inakata. Leo nimerudi na ndefu kidogo, kwa hiyo vuta kiti, na kama uko kimbwetani sogea kivulini.

Kisa chenyewe kilianza Jumatano usiku. Tumepewa asaimenti ya historia: chagua jengo la zamani katika mkoa huu, eleza historia yake, kisha useme lifanyiwe nini. Wenzangu wajanja karibu wote wakawahi Mikindani. Mmoja kachukua Boma la Wajerumani, mwingine soko la watumwa, mwingine kamkamata Livingstone, ambaye alipita pale mwaka 1866 akielekea kwenye safari yake ya mwisho. Mimi nimebaki nazubaa. Saa nne usiku, pap! Giza. Hosteli nzima ikapiga ile kelele mnayoijua.

Nikiwa nimekaa gizani na laptopu yenye chaji asilimia 9, nikajiuliza swali la kijinga: hivi huu umeme unaokatika unatoka wapi? Na kabla ya huu wa sasa, Mtwara iliwaka kwa nini? Hapo ndipo nikamkumbuka babu yangu mzaa mama. Babu alikuwa mtu wa zamu kwenye mitambo ya dizeli, hapa hapa Mtwara, miaka mingi kabla gesi haijaja. Kumbe jengo ninalo nyumbani! Watu wanaandika habari za boma, mimi naandika habari za nyumba ya mitambo.

Jumamosi asubuhi nikapanda daladala kwenda Mikindani. Ni kama kilometa 10 tu kutoka mjini, lakini kwa mfuko wa mwanachuo hata hizo ni safari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja kusalimia au umekuja na njaa?"

"Vyote babu, na asaimenti juu."

Akacheka. Lakini ilibidi nirudie kwa sauti ya juu, maana sikio lake la kushoto halisikii. Nimekua nikijua babu hasikii sikio moja, ila sikuwahi kuuliza kwa nini. Siku hiyo ndiyo nikauliza. Akanijibu kwa mkato, "Mashine." Enzi zao vifaa vya kuziba masikio walivisikia tu. Wakati mwingine waliziba kwa pamba, wakati mwingine basi tu, kazi iendelee.

Nikamwomba anieleze zamu ya usiku ilikuwaje. Jamani, mimi nilidhani jenereta unawasha, unakaa, unasubiri asubuhi! Kila saa moja unazunguka na daftari. Unaandika volti, ampea, mizunguko, presha ya oili, joto la maji. Umeme wetu unatakiwa kupiga hezi 50, na mtu wa zamu ndiye analinda hiyo 50. Jioni watu wakirudi nyumbani wakawasha taa na pasi, mashine inaelemewa, inaanza kuchoka. Hapo lazima uingize mashine ya pili isaidiane na ya kwanza. Babu anasema hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inamtenga fundi na msindikizaji.

Mashine ya pili huiunganishi hivi hivi tu. Lazima volti zilingane, mizunguko ilingane, na mawimbi ya umeme yapande na kushuka kwa pamoja. Walikuwa na taa ndogo zilizofungwa katikati ya pande mbili. Zikiwaka na kuzimika haraka haraka, bado. Unapunguza au kuongeza mafuta kidogo, taa zinaanza kupumua taratibu. Zikizimika zote, hapo hapo unabana swichi. Ukikosea, mashine inapiga mruko wa ajabu, inaweza kuvunja shafti, na mji wote unaingia gizani.

"Umewahi kuona mtoto wa kike anaingia kwenye kamba inayozungushwa?" babu akaniuliza. "Anasimama pembeni, anatingisha kichwa, anahesabu. Halafu anaingia. Basi ni vile vile."

Niliandika kila kitu. Nikamuuliza kama anayo hata karatasi moja ya wakati ule. Akasema ndiyo, alikuwa na daftari lake mwenyewe, alikuwa ananakili namba za zamu zake ili asije akasingiziwa. Akamwita bibi. Bibi akatokea jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Daftari gani, lile la karanga?"

Wadau, nilitamani ardhi ipasuke. Bibi aliuza karanga za kukaanga kwa miaka mingi pale barazani, na karanga zinafungwa kwenye karatasi unayoiviringisha kama koni. Na mviringishaji mkuu nilikuwa mimi! Nikiwa darasa la tatu, likizo nzima nilikuwa nachana karatasi zenye mistari na namba za bluu, naviringisha, napanga kwenye sinia. Historia ya umeme wa Mtwara niliifungia karanga kwa mikono yangu. Zilibaki kurasa 19, zimeliwa pembeni na mende.

Kwenye kurasa hizo kuna safu ya mwisho ya maelezo. Sehemu moja babu kaandika: "Mvua kubwa. Laini ya hospitali isizimwe." Nyingine: "Dizeli kidogo. Tunapunguza saa 5." Ndiyo maisha yalivyokuwa. Kusini huku tulikuwa kisiwa. Barabara ya kwenda Dar masika ilikuwa haipitiki, na Rufiji ilivukwa kwa kivuko mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mafuta yakichelewa, mtu wa zamu ndiye anayeamua nani alale gizani. Hebu fikiria unabeba uamuzi huo saa nane za usiku, peke yako na mashine inayounguruma.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana hii ni historia bwana. Umeme wa kwanza wa Tanganyika waliuleta Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wao. Waingereza wakaanzisha idara ya umeme mwaka 1920, na mwaka 1931 ikazaliwa kampuni ya TANESCO. Ukiangalia ramani ya wakati ule, umeme ulifuata mkonge, migodi, reli na nyumba za wazungu. Kusini tulikuja kukumbukwa kwa sababu ya karanga. Ndiyo, karanga tena!

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mradi wa Karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walitaka mafuta ya kula kwa ajili ya watu wao baada ya vita. Wakaleta matrekta, wengine wakatumia hata mashine zilizotokana na vifaru, na ardhi ikawashinda. Mwaka 1951 mradi ukafa, ukiwa umemeza kama pauni milioni 36. Lakini kwa ajili yake ilijengwa reli, ikaanza upande wa Lindi kwenda Nachingwea mwaka 1949, kisha ikaunganishwa na bandari mpya ya kina kirefu hapa Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954.

Angalieni vitu hivi viwili, reli na bandari. Vimezaliwa na mradi mmoja, na mradi wenyewe umekufa. Bandari ikapata kazi nyingine: korosho, saruji, mizigo ya gesi. Ipo mpaka leo na imeongezewa gati. Reli ikakosa mzigo, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vikang'olewa. Shule ya msingi niliyosoma, kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Unagonga kwa nondo, kijiji kizima kinasikia. Sikujua kama nilikuwa naitwa darasani na Mradi wa Karanga! Yaani kipande kile kilipona kwa sababu mwalimu mmoja alikipa kazi.

Hapo ndipo nilipopata hoja ya asaimenti yangu. Kinachookoa jengo la zamani ni kazi mpya. Uzuri wake peke yake hauliokoi.

Tunapenda kusema ya kale dhahabu. Kwa mnunuzi wa chuma chakavu ya kale ni kilo. Boma la Mikindani lilijengwa mwaka 1895 na lilikuwa limechakaa vibaya. Miaka ya 1990 shirika la hisani la Trade Aid la Uingereza lilikuja, likalikarabati kwa mawe na chokaa, likafanywa hoteli na mahali pa vijana kujifunza kazi. Likapata mshahara wa kujilipia. Lakini boma ni jumba la mtawala. Lina mnara, lina bustani, linapendeza kwenye picha. Nyumba ya mitambo ni bati, zege na harufu ya oili. Nani apige picha pale?

Na sheria nayo haiisaidii sana. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Umeme wa kwanza nchini ni 1908. Kwa hiyo hakuna hata mtambo mmoja wa umeme Tanganyika unaoingia kwenye ulinzi huo kwa umri wake. Hata Boma la Mikindani limechelewa miaka tisa! Njia iliyobaki ni waziri kutangaza jengo fulani kuwa la kulindwa, na waziri hawezi kutangaza kitu ambacho hakuna mtu aliyekipigia kelele.

Na wakati wa kupiga kelele ni sasa, kwa sababu dizeli inaondoka. Kigoma gridi ya taifa ilifika mwaka 2022, majenereta yakazimwa watu wakishangilia. Nami ningeshangilia, dizeli ni ghali na moshi wake si mchezo. Ila baada ya vigelegele kuna swali: ile nyumba iliyowalea miaka yote inakuwa nini kesho yake?

Hapa kwetu mabadiliko yalikuja na gesi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982 na AGIP ya Italia, kule Msimbati karibu na maingilio ya Mto Ruvuma, ikalala chini zaidi ya miaka 20. Kampuni ya Artumas kutoka Kanada ndiyo ikaja kuifufua, ikavuta bomba la kama kilometa 27 mpaka Mtwara mjini, na mwishoni mwa 2006 kuingia 2007 injini za gesi zikaanza kuzalisha umeme. Megawati 12 kwanza, baadaye 18. Babu alikuwa ameshastaafu. Anasema usiku ule alitoka nje akasikiliza kwa sikio lake zima, akaona mji umenyamaza tofauti.

Halafu mnakumbuka yaliyofuata. Bomba kubwa la kwenda Dar likatangazwa, watu wakasema gesi haitoki, maandamano Desemba 2012, vurugu Januari na Mei 2013, watu wakapoteza maisha. Bomba lilijengwa na likazinduliwa Oktoba 2015. Siingii kwenye nani alikuwa sahihi, hapa nyumbani kila familia ina yake. Ninachosema ni kwamba ugomvi wote ule ulikuwa juu ya swali moja: mtambo ukae wapi, na nani afaidi? Mkoa ambao watu wake wamekufa kwa ajili ya swali la umeme, halafu hauna hata chumba kimoja kinachoeleza umeme ulivyofika, huo ni mkoa unaojisahau.

Sasa mtasema, dogo unaota. Mtambo wa zamani utageuzwa nini Bongo hii? Nilidhani hivyo hivyo mpaka nilipokutana na habari za Kikuletwa. Hiki ni kituo cha umeme wa maji wilayani Hai, Kilimanjaro, kilichojengwa miaka ya 1930 kwenye Mto Kikuletwa. Miaka ya 1980 kilisimama, kikabaki hapo na mfereji wake na mitambo yake. Baadaye kikakabidhiwa Chuo cha Ufundi Arusha, na badala ya kukibomoa wakaamua pawe kituo cha kufundishia nishati jadidifu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia kupitia mradi wa kukuza ujuzi Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa umeme anajifunza palepale ambapo maji yamekuwa yakizungusha chuma tangu enzi za bibi yake. Hapo urithi umekuwa darasa.

Huko majuu wamefika mbali zaidi. London, kituo cha umeme cha Bankside kilifungwa mwaka 1981, na mwaka 2000 kikafunguliwa kikiwa jumba la sanaa, Tate Modern. Ule ukumbi wa mitambo, wenye urefu wa kama mita 155, waliuacha wazi na watu wanaingia bure. Ndugu yake Battersea alifungwa mwaka 1983, akakaa gofu karibu miaka 40, akafunguliwa mwaka 2022 akiwa na maduka, ofisi na nyumba za bei mbaya. Majengo yote mawili yamepona. Lakini moja mtoto wa fundi anaingia na familia yake kuangalia sanaa, lingine anaingia kuangalia bei. Kwa hiyo tukisema tubadili matumizi, tuulize na kwa ajili ya nani.

Pendekezo langu kwa Mtwara ni dogo. Nyumba ya mitambo ina mambo ambayo karakana yoyote ya ufundi inayatamani: paa refu lisilo na nguzo katikati, winchi ya juu ya kunyanyulia injini, misingi ya zege iliyotengwa na sakafu ili mtetemo usipasue kuta, na milango ambayo lori linapita. Ibakizwe mashine moja mahali pake, ikatwe ubavu vijana waone pistoni. Sehemu nyingine iwe karakana ya mafundi wa sola, wa injini za boti, wa mashine za kubangua korosho. Chumba cha zamu kiwe cha kumbukumbu: madaftari, picha, sauti za wazee. Kabla ya hapo kuna usafi wa kweli, siyo kupaka rangi tu. Udongo ulioloa mafuta uondolewe, mabati ya asbesto yashughulikiwe na wanaojua, na mafuta ya transfoma za zamani yapimwe, maana baadhi yalikuwa na kemikali za PCB ambazo ni sumu ya muda mrefu. Gharama ipo, siwadanganyi.

Na huu mtambo wa gesi wa sasa nao siku moja utastaafu. Tusisubiri mpaka madaftari yake, au siku hizi mafaili ya kompyuta, yafungiwe karanga.

Nilimsomea babu pendekezo langu lote, polepole, upande wa sikio zima. Nilitegemea afurahi. Akakaa kimya, kisha akasema, "Mimi ile mashine siipendi."

Nikashtuka. Akaendelea, "Imenilisha, imesomesha mama yako. Lakini imenichukulia sikio, na rafiki yangu mmoja ilimchukulia vidole viwili. Ukiiweka pale ikapakwa rangi, watu wataisifu chuma. Sisi je? Mkiweka mashine bila watu, mmeweka chuma tu."

Sikuwa na jibu. Nilirudi hosteli jioni nikafuta ukurasa wa kwanza wote wa asaimenti, nikaanza upya na jina la babu na ya wenzake wa zamu aliowakumbuka. Yalifika 11. Wanne tu ndio wazima. Kuanzia Jumamosi ijayo nakwenda kuwarekodi mmoja mmoja kwa simu. Sehemu ya jengo nikaisogeza nyuma. Kama mwalimu atanikata maksi kwa kuanza na watu badala ya kuta, acha akate.

Nina ombi moja kwenu. Wengi wenu mna babu, bibi, shangazi au mjomba aliyefanya kazi kiwandani, bandarini, relini, kwenye mitambo. Likizo hii muulizeni zamu ilikuwaje. Muulizeni daftari liko wapi. Na kama shuleni kwenu kengele bado ni kipande cha reli, mwambieni mwalimu mkuu asikiuze.

Zile kurasa 19 nimezipiga picha zote na nimeziweka kwenye faili la plastiki. Bibi kacheka sana kuona navyozibembeleza. Ameniambia nikija tena nimletee magazeti ya zamani, maana karanga zinaendelea, na karatasi za kufungia zimemwishia.

Kuchele wadau. Tuonane wiki ijayo, umeme ukiwepo.